Dawa za Vidukari: Ipi Huua, Ipi Hupoteza Fedha



Swali moja limetufikia kutoka matawi mengi, kwa mdomo na kwa barua, nalo ni hili: katika dawa zote zinazouzwa madukani, ipi iliyo kali zaidi kwa vidukari? Halmashauri imekusudia kununua dawa kwa pamoja ili bei ipungue, na wanachama wengine wamekwisha kutaja chupa waitakayo. Basi tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kinaganaga kabla fedha za Chama hazijatoka, kwani fedha ikitoka hairudi, na sumu ikimwagika haizoleki.

Twapenda kusema tangu mwanzo kwamba dawa kali si lazima iwe dawa inayofaa. Dawa inayofaa ni ile inayomfikia mdudu pale alipo, ikamwua yeye, ikawaacha adui zake, na isibaki katika chakula wala katika karafuu. Dawa nyingi zina sifa moja au mbili katika hizi. Zenye zote ni chache sana.

VIDUKARI NI WADUDU GANI

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, ni wadudu wadogo laini, wa kijani, weusi au wa manjano, wanaokaa kwa makundi kwenye ncha changa na chini ya majani. Twawaona katika kunde, bamia, mabilingani, tungule, pilipili, na katika majani machanga ya michungwa na mindimu. Kidukari ana mdomo mfano wa sindano. Huuingiza ndani ya mmea mpaka kwenye mshipa unaopitisha utomvu wenye sukari, akafyonza. Sukari iliyozidi huitoa nyuma kama matone ya asali. Juu ya utomvu huo huota ukungu mweusi kama masizi, na chungu nao huja kuulamba.

Jambo kubwa la kujua ni uzazi wake. Katika nchi za joto kama yetu, kidukari jike huzaa bila ya dume, na hazai mayai bali watoto hai, wote majike. Mtoto huyo anapozaliwa huwa tayari amebeba ndani yake mwanzo wa watoto wake mwenyewe. Kukiwa na joto, kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi huwa mzazi. Tufanye hesabu. Tuseme umepuliza dawa ikaua 990 katika 1,000, wakabaki 10. Ikiwa kila mmoja atazaa watoto watatu kwa siku, baada ya siku saba watakuwa wamezaliwa 210, na wale wa kwanza wako karibu kuzaa. Ndiyo maana mtu hupuliza Jumamosi, akafurahi Jumapili, na Jumamosi ya pili akaulizia dawa nyingine.

SI KILA MFYONZAJI NI KIDUKARI

Wanachama kadhaa wametuletea matawi ya mikarafuu yenye masizi wakidhani ni vidukari. Aghalabu wadudu tuwaonao katika mkarafuu mkubwa ni wadudu wa magamba, yaani wale walioganda kwenye tawi kama chunusi, wasiotembea. Gamba hilo huwakinga na maji ya dawa, kwa hiyo dawa inayoua vidukari kwa siku moja yaweza isiwadhuru wao hata kidogo.

Wadudu hao wana walinzi, nao ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kufanya viota. Mtaalamu wa wadudu M. J. Way alifanya uchunguzi hapa Unguja juu ya maji moto na wadudu wa magamba wa mikarafuu, akauchapisha mwaka 1954. Chungu hupata utomvu mtamu, na wadudu hupata ulinzi. Mtu akisikia hayo, na akikumbuka jinsi maji moto wanavyowauma wachumaji juu ya ngazi, atasema: basi tuwapulizie wote wafe! Lakini Way huyo huyo alionyesha kwamba maji moto ndio wanaoilinda minazi na mdudu afyonzaye nazi changa, akazifanya zitoe gundi na kuanguka kabla ya wakati. Mdudu huyo baadaye alipewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake. Katika mashamba yetu minazi na mikarafuu husimama pamoja. Anayewaua maji moto kwenye mkarafuu asishangae akiziokota nazi changa chini ya mnazi.

Tena, mkarafuu unaokauka ghafla na kufa haufi kwa vidukari. Watafiti waliofanya kazi katika visiwa vyetu katika miaka ya 1950 walionyesha kwamba ugonjwa wa kufa ghafla unatokana na ukungu. Dawa ya wadudu haiuponyi, hata ukiumwagia mti pipa zima.

NJIA MBILI ZA SUMU

Dawa za vidukari huua kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kugusa: tone lazima limpate mdudu mwenyewe, au yeye atembee juu ya jani lililolowa. Ya pili ni kuingia ndani ya mmea: dawa hunywewa na jani au mizizi, ikachanganyika na utomvu, na anayefyonza hufa hata kama amejificha.

Kidukari hukaa chini ya jani, na mara nyingi jani lenyewe hujikunja likamfunika. Kwa hiyo dawa ya kugusa, hata iwe kali namna gani, ikipulizwa kutoka juu haimfikii. Mtu hulaumu dawa, na kosa liko katika mwelekeo wa bomba. Anayetumia dawa ya kugusa yampasa aelekeze mdomo wa bomba chini, upulize kwenda juu, mpaka upande wa chini wa jani ulowe.

DAWA MOJA MOJA

Sabuni. Huua kwa kugusa tu, kwa kuharibu ngozi ya mdudu na kumkausha. Gramu 10 hadi 20 za sabuni ya kawaida katika lita moja ya maji zatosha. Ikisha kukauka haina nguvu tena, kwa hiyo wadudu wafaao wanaokuja baadaye hawadhuriki. Yataka kurudiwa kila baada ya siku chache. Maji ya visima vya mawe yasiyotoa povu hupunguza nguvu yake, yafaa maji ya mvua. Sabuni ya unga ya kufulia isitumiwe, huunguza majani. Jaribu kwanza katika majani machache, ungoje siku moja au mbili.

Mwarobaini. Kokwa zake zina nguvu kuliko majani. Haiui papo hapo, bali humzuia mdudu mchanga asijivue ngozi na kukua, na humpunguzia hamu ya kufyonza. Anayeitumia asihukumu kesho yake. Angoje wiki.

Pareto. Hutokana na maua yanayolimwa katika nyanda za juu za Tanzania Bara na Kenya. Humwangusha mdudu kwa dakika chache, lakini jua huiharibu upesi. Yapasa kupulizwa jioni.

Maji ya tumbaku. Wako wanaoyachemsha. Ni kweli huua vidukari sana, lakini sumu yake hupenya katika ngozi ya mtu, na kiasi kidogo chatosha kumdhuru mtoto. Hatuyashauri.

Malathioni. Imekuwako sokoni tangu mwaka 1950. Huua kwa kugusa, na nguvu yake hukaa siku chache. Huua pia nyuki na wadudu wafaao.

Dimethoeti. Ilitokea katika miaka ya 1950, nayo ni jamaa ya malathioni, ila huingia ndani ya mmea. Kwa sababu hiyo huwapata vidukari waliojificha, na kwa muda mrefu watu waliisifu kuliko nyingine. Lakini kinachoingia katika utomvu huingia pia katika jani la kunde unalolipika. Ni sumu kali kwa nyuki. Jumuiya ya Ulaya ilikataa kuiongezea kibali mwaka 2019 kwa ajili ya hofu ya afya za walaji.

Pirimikabu. Hii ina sifa ya pekee: huua vidukari upesi na kuwaacha wengi katika adui zao. Ila kwa baadhi ya vidukari, kama wale wa pamba na bamia, imekwisha kushindwa katika nchi nyingi.

Piretroidi. Humu wamo permethrini, saipamethrini, deltamethrini na lambda-saihalothrini. Zilibuniwa kwa mfano wa pareto, lakini zikafanywa zistahimili jua. Permethrini ilitolewa mwaka 1973 na Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza. Ni rahisi kwa bei, na huua viwavi vizuri. Kwa vidukari ni jambo jingine, maana ni za kugusa tu, na hukaa juu ya jani zikiwaua wale wanaotembea huku na huko wakitafuta vidukari wawale. Kidukari aliyetulia chini ya jani hupona, na adui yake hufa. Baada ya wiki mbili vidukari wamezidi kuliko mwanzo.

Jambo hili si geni. DDT ilipotokea, ambayo nguvu yake juu ya wadudu iligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, watu walidhani mwisho wa wadudu umefika. Mahali pengi ilikuwa kinyume: adui wa vidukari walikufa, na vidukari wakastawi. DDT imo katika orodha ya sumu zilizobanwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mwanachama akiletewa unga wowote kwa jina hilo kwa ajili ya shamba, aukatae.

Imidaklopridi na jamaa zake. Ilianza kuuzwa mwaka 1991. Huingia ndani ya mmea, hata kwa kupitia mizizi au mbegu, na kwa vidukari wasiokuwa wameizoea ni katika dawa zenye nguvu kubwa na za kudumu. Lakini huingia pia katika maua. Mwaka 2018 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku kuitumia nje mashambani kwa ajili ya nyuki.

KWA NINI DAWA YA JANA HAIUI LEO

Katika kundi kubwa la vidukari huwamo wachache ambao miili yao yaweza kuivunja sumu. Ukipuliza, wengine hufa na hao hubaki. Na kwa kuwa kidukari huzaa bila ya dume, watoto wake hufanana naye kabisa, nguvu yake wakairithi nzima. Kidukari wa kijani aitwaye Myzus persicae, anayeshambulia kabichi, pilipili na mazao mengine mengi, amekwisha kuzishinda dawa zaidi ya 70 duniani.

Dawa ya moto ni moto, wasema wahenga, lakini hapa kuongeza kipimo ni kuwachuja wale wasiokufa. Jambo linalofaa ni kubadilisha ukoo wa dawa. Nasi twasisitiza neno ukoo, kwa sababu majina ya chupa ni mengi na koo ni chache. Malathioni na dimethoeti ni ukoo mmoja. Saipamethrini na deltamethrini ni ukoo mmoja, na pareto pia imo humo. Aliyeacha chupa nyekundu akanunua ya kijani huenda amenunua dawa ile ile. Soma maandishi madogo chini ya jina la biashara, ndipo jina la dawa yenyewe lilipo. Chupa nyingi zina pia namba ya ukoo: 1B ni ya malathioni na dimethoeti, 1A ni ya pirimikabu, 3A ni ya pareto na piretroidi, 4A ni ya imidaklopridi. Asiyesoma lugha ya chupa aweza kusoma namba.

MARADHI YASIYONGOJA DAWA

Vidukari huchukua maradhi kutoka mmea mmoja hadi mwingine, kama ugonjwa wa mipapai wa madoa ya duara na ule wa kunde wa majani yenye mabaka. Kidukari mwenye mbawa hutua, huchoma kidogo kuonja, na kwa muda mfupi sana, pengine chini ya dakika moja, amekwisha kuacha ugonjwa. Dawa yaweza kumwua baada ya saa, lakini mmea umekwisha kuugua. Kwa maradhi ya namna hii kupuliza hakusaidii sana. Linalofaa ni kung'oa mmea mgonjwa mapema, na kutokupanda miche mipya ubavuni mwa ya zamani iliyougua.

JINSI YA KUPIMA SHAMBANI MWAKO

Hatumtaki mwanachama atuamini kwa maneno matupu. Chukua matuta mawili ya kunde yanayofanana. Katika kila tuta utie alama majani kumi, uhesabu vidukari. Tuta moja pulizia dawa, jingine pulizia maji matupu. Hesabu tena siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne.

Tuta la maji ndilo hakimu. Tuseme ulikuwa na vidukari 100 kila upande. Siku ya tatu, tuta la maji lina 80, maana 20 wameondolewa na mvua au wameliwa. Tuta la dawa lina 10. Usiseme dawa imeua 90 katika 100. Bila ya dawa wangebaki 80, na kwa dawa wamebaki 10, basi dawa imewaondoa 70 katika 80, yaani asilimia 87 na nusu. Hesabu hii iliwekwa na W. S. Abbott mwaka 1925, na hata leo wataalamu huitumia. Siku ya kumi na nne ndiyo inayosema kweli. Ikiwa tuta la dawa limezidi vidukari kuliko tuta la maji, umewanunulia vidukari ulinzi kwa fedha yako.

Unapohesabu, tazama pia wadudu wafaao: kile kidudu cha mviringo chenye mgongo mwekundu au wa manjano na madoa meusi, pamoja na watoto wake wenye miguu sita walio kama vijusi vya mamba, na vidukari waliovimba wakawa rangi ya kahawia. Hao waliovimba ni maiti. Ndani yake mna mtoto wa nyigu mdogo mno, naye akitoka ataua wengine. Ukiwaona wengi, usipulize kitu.

KARAFUU ZETU

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Karafuu mbichi ikikauka hupungua uzito, hata kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu hivi. Maji hutoka, lakini sumu isiyoyeyuka haitoki pamoja nayo. Kwa hiyo kiasi kilichokuwa kidogo kwa kilo moja mbichi chaweza kukaribia kuwa mara tatu katika kilo moja kavu. Nchi zinazonunua hupima masalio ya dawa kwa miligramu katika kilo. Tena karafuu zetu zikisha kupimwa na kutiwa magunia huchanganyika, na mnunuzi hajui ipi ya nani. Gunia la mtu mmoja laweza kuwaharibia jina watu wa kisiwa kizima waliochuma, wakachambua makonyo na kuanika kwa jasho lao.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote wayashike haya:

1. Mkarafuu wenye mabuwa usipulizwe dawa ya wadudu ya namna yoyote, ama kwa ajili ya vidukari, ama kwa ajili ya maji moto.

2. Kunde na mboga zilizo chini ya mikarafuu zisipulizwe wakati wa uchumaji, wala karibu na majamvi ya kuanikia. Bomba la dawa lisiwekwe ghalani pamoja na karafuu au magunia.

3. Siku za kungoja kabla ya kuvuna, zilizoandikwa katika chupa, zihesabiwe kama deni. Majani ya kunde huchumwa kila mara, kwa hiyo dawa inayoingia ndani ya mmea haiyafai hata kidogo.

4. Anayepuliza avae nguo ndefu, glavu na kitambaa cha kuziba pua na mdomo, asipulize dhidi ya upepo, asivute sigara, na aoge akimaliza. Bomba lisioshwe kisimani wala mtoni. Chupa tupu itobolewe, isiwekwe maji ya kunywa wala mafuta ya taa. Twaita dawa kwa mazoea, lakini mtoto akiinywa ataijua kwa jina lake, sumu.

SHAURI LETU KWA HALMASHAURI

Kwa haya yote, shauri letu ni kwamba Chama kisinunue piretroidi kwa ajili ya vidukari, ingawa ndiyo iliyotajwa na wengi na ndiyo rahisi. Fedha iliyotengwa inunue mabomba yenye midomo mizuri inayoweza kuelekezwa chini ya majani, mabomba mawili kwa kila tawi, pamoja na sabuni na pareto. Dawa inayoingia ndani ya mmea itumiwe tu kwa miche ya michungwa na mindimu iliyo vitaluni, isiyokuwa na maua wala matunda, na kwa idhini ya bwana shamba. Wanaopendelea dawa nyingine wafanye kipimo cha matuta mawili, watuletee hesabu za siku ya kumi na nne kabla ya mkutano mkuu. Tutazibandika ukutani pa ofisi, za waliofaulu na za walioshindwa, kila mtu azisome mwenyewe.

Mwanachama asiyekubaliana nasi, mlango wa ofisi uko wazi, na kurasa hizi ni zake kama zilivyo zetu. Twamwomba Mungu aijaalie mavuno ya heri.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama